Kabla ya Kuitwa Kuruta

Ukikutana na mtu aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa, akasikia kwamba na wewe ulikwenda, swali lake la kwanza ni moja tu: "Ulikuwa operesheni gani?" Kila kundi linaloingia hupewa jina lake la operesheni, na jina hilo mtu hulibeba mpaka uzeeni. Watu wawili wasiojuana kabisa wanaweza kukumbatiana stendi ya basi kwa sababu ya jina hilo tu.

Mimi swali hilo huwa linanikata maini. Sina operesheni. Nilikaa kambini siku 23, nikang'oa visiki, nikakanyaga udongo wa matofali mpaka nyayo zikapasuka, nikabeba maji na kuni kuliko nilivyowahi kubeba maishani. Lakini siku kozi ilipofunguliwa rasmi, wenzangu wakipangwa kwa kombania, mimi nilikuwa ndani ya basi narudi Dar es Salaam. Kambi yenyewe sitaitaja. Wapo wenzangu niliowaacha huko, na sitaki maneno.

Ndugu msomaji, usidhani naandika ili nilie. Nina riwaya. Nimeianza mara nne, na mara zote nne sura ya kwanza inakataa kwa sababu naianza na gwaride, na buti, na mkufunzi anayefoka. Mambo ambayo sikuyafanya! Kile nilichokifanya mimi kilikuja kabla ya gwaride, nikaona hakifai kuwa hadithi. Basi nikaanza kuuliza na kusoma, kutaka kujua kama kuna waliokwisha kukaa pale mlangoni kabla yangu. Kumbe tuko wengi, na mlango wenyewe ni wa zamani kweli.

Nianze na yale niliyoyaona kwa macho.

Tulifika wa kwanza kwa sababu mkoa wetu ulikuwa karibu. Magari ya mikoa ya mbali yalikuwa bado, waganga wa kutupima walikuwa bado, na kozi haifunguliwi mpaka wote wakamilike. Sasa vijana mia kadhaa utawaweka wapi wakisubiri? Jeshini hakuna kusubiri ukiwa umekaa. Alfajiri saa kumi na moja tunaamshwa, uji, halafu tunagawanywa. Kundi la kwanza linakwenda kuni, la pili maji, la tatu kufyeka. Kundi langu mimi lilikuwa la matofali.

Matofali ya kuchoma ni kazi yenye ngazi. Kwanza unachimba udongo kwa sururu. Unaumwagia maji yaliyobebwa kwa ndoo toka mtoni, huko chini bondeni. Halafu mnaingia watu kumi shimoni, miguu mitupu, mnakanyaga kwa duara mpaka udongo uwe laini kama ugali. Hapo ndipo unajaza kalibu, unasawazisha kwa mkono, unakimbia nayo mpaka uwanjani, unaipindua, unarudi mbio. Hesabu ya siku ikipungua, jua likizama mnaendelea. Baada ya siku kadhaa matofali yakikauka, mnayapanga kuwa tanuru, mnaacha matundu ya kuni chini, mnalipaka tope, mnawasha. Usiku kucha mtu anakaa kulilisha moto. Niliwahi kupangwa zamu hiyo, na sijawahi kuona usiku mzuri kama ule. Nyota zote zipo, joto usoni, baridi mgongoni. Wawili tunahadithiana sinema.

Mikono iliota malengelenge, yakapasuka, yakaota tena. Siku ya nne mwenzangu mmoja akaenda kwa afande kuomba glavu, au hata kipande cha gunia. Afande hakumfokea. Alimwambia kwa upole tu kwamba vifaa ni vya makuruta, na sisi bado ni raia. Basi. Jioni ile ile, kundi letu likichelewa kurudi na maji, afande yule yule akatuita: "Nyie makuruta, mnatembea kama mko harusini?"

Neno hilo sikulisahau. Ukiomba kitu, wewe raia. Ukitumwa, wewe kuruta.

Kazi zile kule zinaitwa fatiki. Nilidhani ni neno la msituni, la wanajeshi wenyewe, mpaka nilipokuja kugundua kwamba ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Katika jeshi la Waingereza kazi za mikono za askari, kama kufagia, kuchimba, kubeba na kumenya viazi, huitwa kwa neno ambalo maana yake ya kawaida ni uchovu, nao wenyewe walilitoa kwa Wafaransa. Yaani waliipa kazi jina la matokeo yake! Lugha ya kambini imejaa maneno ya namna hiyo. Kuruta, kombania na hanga tunalolala yametoka Uingereza. Afande limetoka kwa Waturuki, likapita Misri na kwa askari wa Kisudani, mpaka likafika huku. Njia kuu ya maneno haya ilikuwa King's African Rifles, yaani KAR, jeshi la wakoloni lililoundwa mwaka 1902. Anayetaka kuandika riwaya ya kambi ayapime maneno haya mkononi kwanza. Kila moja limebeba safari.

Lakini kabla fatiki haijawa kazi ya kuruta, ilikuwa kazi ya mtu ambaye hatakuwa kuruta kabisa. Hapo ndipo inabidi nirudi mpaka Vita Kuu ya Kwanza.

Sisi wa Dar tunapita Kariakoo kila siku bila kufikiri. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka kambi ya wapagazi pale. Nairobi nao wana Kariokor yao, jina lile lile limetamkwa kwa ulimi mwingine. Nchi hii ilipiganiwa kwa vichwa na mabega ya watu, kwa sababu punda na ng'ombe walikufa kwa ndorobo na barabara hazikuwepo. Mpagazi alibeba risasi, alibeba unga, alibeba mzungu mgonjwa. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi elfu, wapo wanahistoria wanaotaja zaidi ya 100,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, na homa, na njaa.

Mwaka 1917 wapagazi walipopungua, Kenya ilifanya msako mkubwa chini ya mzungu aitwaye John Ainsworth. Watu walitolewa vijijini, wakapelekwa kwenye vituo, na huko madaktari wakawapima na kuwakataa wengi waliokuwa dhaifu. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Mtu amekwisha kutolewa kwao, pengine ameaga kama anayekwenda kufa, halafu anaambiwa hafai hata kubeba mzigo, arudi. Je, alifurahi? Nadhani alifurahi, mimi ningefurahi. Ila najiuliza alirudi na sura gani mbele ya wale waliomwona akienda.

Ile Sanamu ya Askari pale katikati ya mji ilisimamishwa mwaka 1927. Juu yupo askari na bunduki yake yenye singe. Wapagazi hawapo juu. Wametajwa chini kwenye maandishi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Aliyetunga maneno hayo ni Kipling, mshairi wa Kiingereza, na lazima nikubali kwamba mzee alilijua neno la kusema. Miguu na mikono. Kichwa hakutaja.

Kumbukumbu ya Kariakoo ilidumu majumbani kuliko kwenye shaba. Vita ya pili ilipokuja mwaka 1939, serikali ya Kenya iliunda vikosi vilivyoitwa Pioneers, kwa ajili ya barabara na mahandaki. Ikabidi wawaandikishe kama askari na kuwafundisha silaha, maana watu walikuwa hawataki kusikia habari ya Carrier Corps tena. Baadaye kikaundwa kikosi kingine cha kazi tupu, East African Military Labour Service, na kuanzia mwaka 1941 makampuni ya Pioneers wa Afrika Mashariki yakapelekwa Mashariki ya Kati kuchimba, kupakia na kupakua. Kutoka Tanganyika peke yake watu zaidi ya 80,000 waliingia jeshini katika vita hiyo, wa bunduki na wa koleo. Ugomvi wa wa koleo ulikuwa ule ule wa glavu zetu, ila mkubwa zaidi: mimi ni askari au ni kibarua? Kama ni askari, mbona nashika chepe tu? Kama ni kibarua, mbona nachapwa kijeshi?

Uhuru ulipokuja, swali hilo likageuzwa juu chini, na hapa ndipo historia inapokuwa tamu.

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Wazo lilikuwa kwamba kijana ashike jembe na bunduki pamoja, na kwamba kazi ya mikono isiwe adhabu ya mnyonge bali shule ya raia. Waisraeli walisaidia mwanzoni, kwa kuwa nao walikuwa na kikosi chao cha wakulima askari. Miezi sita tu baadaye, tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walikuwa askari waliorithiwa KAR, wanadai mishahara na maofisa Waafrika. Uasi ukazimwa na wanamaji wa Kiingereza, jambo lililomuuma sana Mwalimu Nyerere. Jeshi lile likavunjwa. Vijana wa TANU Youth League wakaitwa wajiandikishe kwa jeshi jipya, na JKT nayo ikawa mlango wa kuingilia. Tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ. Kwa hiyo mtu aliyetoka kushika jembe ndiye sasa aliyeaminiwa bunduki. Mpagazi amepanda juu ya sanamu, kwa kusema hivyo.

Lakini si wote waliopenda kupita mlango huo. Mwaka 1966 serikali ilipotaka wasomi wote waingie JKT kwa lazima, miaka miwili, sehemu kambini na sehemu kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba mpaka Ikulu, wamevaa majoho yao. Bango moja lilisema afadhali ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akawaka. Aliwafukuza karibu 400, wakarudishwa makwao vijijini, na papo hapo akatangaza kujikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Nimebishana sana na rafiki zangu juu ya siku ile. Wao wanasema wanafunzi walikuwa mabwanyenye wadogo wanaogopa malengelenge. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo kabla sijaota malengelenge. Sasa nasema kwamba Mwalimu alikuwa na haki juu ya mishahara, na nampa heshima yake kwa kuanzia mfukoni mwake. Lakini lile bango, ujinga wake ukiuondoa, lilikuwa na hofu ya zamani ndani yake. Babu zao walikwisha kuchukuliwa mikono tupu. Wao walikuwa kizazi cha kwanza kilichodhani kalamu imewatoa kwenye foleni ya wapagazi.

Mjomba wangu aliingia mwaka 1985, baada ya kidato cha sita, kwa mujibu wa sheria. Nilimfuata nyumbani kwake Jumapili moja na daftari. Nikamwamkia, akaitikia, akaliona daftari akacheka. "Mjomba, unataka kuniandika? Utaniua na mimi kama unavyowaua wote kwenye hadithi zako?"

Nikamwambia nataka habari ya siku za mwanzo tu, kabla ya kozi kufunguliwa.

Alinyamaza kidogo. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema katika zile hadithi zake zote za JKT tulizokua nazo. Walifika kama watu sitini kambini kwao, mapema mno, na hanga lao halikuwa na paa. Wiki tatu walikata miti, wakabeba magogo mabegani, watu wanne gogo moja, kilomita kadhaa. Mvua ikinyesha wanalala chini ya turubai. Paa walilipandisha wenyewe. Siku waliyomaliza, magari yakaingia na kundi kubwa, vijana wamevaa viatu safi, wakapangiwa hanga lile lile. "Sisi sitini tukapelekwa kwenye mahema," alisema. "Amri. Tuliambiwa tumeshazoea."

"Mkafanyaje?"

"Tungefanyaje, mjomba? Tulicheka." Akasugua bega lake la kulia, nadhani bila kujua. "Lakini nikuambie ukweli, nililipenda lile paa. Nilikuwa nikipita nahesabu miti yangu. Kwata nimeisahau, bunduki nimesahau hata namna ya kuifungua. Ile miti naikumbuka."

Hakuniruhusu nimhurumie. Kila nilipojaribu kusema walionewa, alinikatiza. Kwake yeye zile wiki tatu ndizo alizojua kwamba mtoto wa mwalimu na mtoto wa mvuvi wana mabega sawa. Sikubaliani naye yote. Naona pia alikuwa na kitu ambacho mimi sikukipata: mwisho wa wiki tatu wale sitini waliitwa majina, wakapewa sare na namba, na magogo yale yakaingia ndani ya hadithi ya operesheni yao. Uchovu wao ulipata pa kukaa.

Mpango wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994, pesa hazikutosha, ukarudishwa mwaka 2013, na baadhi ya wabunge vijana wakatangulia kwenda kuonyesha mfano. Picha zao wakiwa kwenye sare zilijaa magazetini. Vijana wa kujitolea nao, kama nilivyotaka kuwa mimi mwenye cheti changu cha kidato cha nne, huingia kwa matumaini zaidi kuliko uzalendo. Tusidanganyane. Mtu anajua kwamba ukimaliza JKT unaweza kuchukuliwa polisi, magereza, au jeshini kwenyewe. Nyumbani kwetu waliniuzia kuku wawili nipate nauli na vifaa vya kuanzia: ndoo, fyekeo, raba.

Siku ya 22 waganga walifika. Tulipanga mstari nje ya zahanati, tumevua mashati. Mimi nilikuwa na sikio la kushoto lililotoka usaha utotoni. Halinisumbui, nasikia muziki, nasikia mvua. Daktari alichungulia na kile kitochi chake, akachungulia tena, akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia ngoma ya sikio imetoboka na milio ya risasi itaimaliza, akasema anaokoa sikio langu. Pengine kweli. Jioni tukaitwa kumi na mmoja.

Aliyetuaga alitusomea majina kutoka kwenye karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu, si kwenye lile daftari kubwa la usajili. Nikauliza, kwa adabu, kama siku zile 23 zitaandikwa mahali popote, nipate hata barua ya kuonyesha nyumbani kwamba sikutoroka. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Kijana, kozi haijafunguliwa. Huwezi kuwa umetoka mahali ambapo hujaingia."

Kwa sheria yake alikuwa sahihi kabisa. Nimelitafuta kosa katika sentensi ile mwaka wa tatu sasa, sijalipata.

Nauli tulipewa. Mwenzangu wa zamu ya tanuru alinisindikiza mpaka getini, akanipa kipande cha sabuni, maana hakuwa na kingine. Akaniahidi atanipigia siku jengo likisimama. Nilimwambia matofali yangu atayajua: kalibu niliyopewa ilikuwa na ufa pembeni, kwa hiyo kila tofali langu lina mstari mwembamba kwenye kona moja, kama kovu.

Siku hizi nashusha mabelo ya nguo Kariakoo, saa kumi na mbili asubuhi mpaka mchana, ndipo napata muda wa kuandika. Ndiyo, Kariakoo. Wenzangu wa kazini nimewaeleza jina lilikotoka, mmoja akasema, "Kwa hiyo hatujahama," tukacheka, tukaendelea kupanga.

Riwaya nimeianza mara ya tano. Haina gwaride. Inaanza na watu kumi shimoni wanakanyaga udongo kwa duara, na mmoja wao anaomba kipande cha gunia.

Mwenzangu alipiga mwaka uliopita. Amemaliza, yuko kwao anasubiri ajira. Jengo limesimama, ni bohari. Limepigwa lipu na kupakwa rangi, kwa hiyo matofali hayaonekani, lakini anasema upande wa nyuma, chini karibu na mfereji, lipu haikufika vizuri. Alichuchumaa akatazama. Kuna kovu moja, anasema, au pengine ni ufa tu.